Umati Hauna Jina: Maoni Juu ya Tamthilia Mbili

Wahenga walisema, wengi wape. Hawakusema wengi wasamehewe. Je, watu wavunjapo sheria kwa wingi wao, adhabu huwapita? Tamthilia mbili zatujibu, na kila moja ina funzo lake.

Katika Fuenteovejuna ya Lope de Vega, iliyochapwa Hispania mwaka 1619, wanakijiji wamwua mtawala wao dhalimu, kisa kilichotukia kweli mwaka 1476. Hakimu awatesa mmoja mmoja, wazee kwa watoto. Kila mmoja ajibu kuwa aliyeua ni kijiji. Mfalme akosa wa kumhukumu, awasamehe wote. Hapo wingi si maficho: walioulizwa wamelipa kwa maumivu ya miili yao.

Shakespeare atuonyesha wingi wa namna nyingine katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri na kuichapisha kwa Kiswahili mwaka 1963. Baada ya hotuba ya Antony, umati wamkuta Cinna njiani. Ajieleza kuwa yeye ni Cinna mshairi, si Cinna mla njama. Wamwangamiza kwa ajili ya jina tu, kisha wakimbilia kuchoma nyumba. Onyesho lifuatalo lawakuta watawala wapya wakiorodhesha majina ya watakaouawa. Wauaji wa Cinna hawatajwi, wala hakuna awaulizaye.

Yapo madarasa yanayolicheka onyesho hilo, maana maswali ya umati yana mzaha ndani yake. Wako pia walimu wanaoliruka kwa ufupi wake. Hatukubaliani nao. Ukelele wa "mwizi!" husikika katika mitaa yetu, na aitwaye hivyo huenda asipate nafasi ya kutaja jina lake la kweli. Sheria za jinai za Uganda, Kenya na Tanzania zina kanuni ya nia ya pamoja: waliokusudia uovu kwa pamoja huhesabiwa kila mmoja kuwa ametenda. Basi sheria haiusamehi umati. Anayeusamehe ni jirani aliyeona akanyamaza. Kimya cha Fuenteovejuna kiliwagharimu wenyewe. Kimya chetu humgharimu marehemu.

Ndugu walimu, tulisomeshe onyesho hilo kwa sauti, kisha tuwaulize wanafunzi: kati ya wale raia wanne, nani ashtakiwe? Na nani atasimama mahakamani kumtaja?