Hongera kwa walinzi wa pumzi

Mgonjwa akishalazwa kwa dawa ya usingizi, pumzi yake ipo mikononi mwa mtu mwingine. Mrija wa kupumulia ukiingia kwenye umio badala ya koo la hewa, dakika chache zatosha kuharibu ubongo. Hata hivyo, wafadhili wengi hukimbilia saratani na moyo. Mrija wa plastiki hauna mvuto.

Ndiyo maana nakipongeza Difficult Airway Society, chama cha Uingereza kilichoanzishwa 1995. Kinatoa miongozo ya kushughulikia njia ngumu za hewa, na kinatoa ruzuku za utafiti. Kazi yake ninayoiheshimu zaidi ni NAP4, tathmini ya kitaifa ya ajali za njia ya hewa iliyofanywa pamoja na Royal College of Anaesthetists na kuchapishwa 2011. Kwa mwaka mzima hospitali zote 309 za umma ziliombwa kueleza kila ajali kubwa ya njia ya hewa. Madaktari wakaandika makosa yao wenyewe, jambo ambalo, tuseme kweli, si jepesi katika fani yoyote. Zilikusanywa taarifa 184, zikiwemo za vifo 38.

Somo zito lilitoka wodi za wagonjwa mahututi. Kifaa kinachopima hewa ya ukaa katika pumzi, kile chenye mstari unaopanda na kushuka kwenye skrini, mara nyingi hakikutumika. Mstari ukilala, mrija huenda haupo mahali pake. Kutotumika kwa kifaa hicho kulichangia asilimia 74 ya vifo na madhara ya kudumu ya ubongo huko.

Mwenye fungu la kuchangia tiba alikumbuke eneo hili.