Seli Zinazofuata Cheo: Jinsi Ubongo wa Samaki wa Tanganyika Ulivyochorwa

Mnunuzi wa samaki kama mukeke na ndagala sokoni Bujumbura hana habari na Astatotilapia burtoni. Ni samaki mdogo wa maji ya kina kifupi, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1977, watafiti Russell Fernald na Hirata walichapisha uchunguzi wa tabia zake ziwani, upande wa Burundi. Dume mwenye himaya hung'ara, ana mstari mweusi usoni, hufukuza wenzake na kuzaliana. Dume asiye na himaya hupauka kama jike na kungoja nafasi. Nafasi ikipatikana, hubadilika rangi ndani ya dakika chache.

Ni nini kinachobadilika kichwani mwake? Watafiti waliifuata GnRH, homoni ya asidi amino 10 inayoamsha tezi ya pituitari, ambayo nayo huziamsha korodani.

Ili kuiona homoni hiyo, ubongo huhifadhiwa kwa dawa, hukatwa vipande vyembamba kwa mfuatano, kisha hulowekwa katika kingamwili inayoshika GnRH. Kingamwili ya pili huleta rangi, na seli yenye homoni huonekana chini ya darubini. Vipande vingine hupitia hatua zote isipokuwa kingamwili ya kwanza. Rangi ikitokea hapo, haikutokana na homoni, na ramani haiaminiki.

Kwa njia hiyo Francis, Soma na Fernald walionyesha mwaka 1993 kwamba seli za GnRH katika eneo la prioptiki, mbele ya haipothalamasi, hukua dume anapopanda cheo kwa kupata himaya, na husinyaa anaposhushwa.

Lakini mwaka 1995 maabara ya Fernald ilionyesha kuwa samaki huyu ana jeni tatu za GnRH. Homoni zake zinafanana mno, hivyo kingamwili moja yaweza kuzishika zote. Suluhisho lilikuwa kutengeneza kipande cha RNA kinachonasa ujumbe wa jeni moja tu. Ramani ikajigawa: aina ya kwanza iko prioptiki, ya pili katika ubongo wa kati, ya tatu mbele kabisa, kwenye neva iliyo jirani na ya kunusa. Mwaka 2002 White, Nguyen na Fernald walithibitisha kuwa aina ya prioptiki pekee ndiyo inayofuata cheo.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya kazi hii. Wangesaga ubongo mzima na kupima GnRH yote kwa pamoja, aina mbili zisizobadilika zingeifunika ile inayobadilika. Wasingeandika cheo cha kila dume kabla ya kumpasua, seli kubwa na ndogo zingechanganywa zikatoa wastani usio na maana.

Kwa hiyo ukiletewa ramani ya ubongo kama hii, uliza mambo matatu: kipande cha kulinganishia kilionyesha nini, ni molekuli ipi hasa iliyoshikwa, na mnyama alikuwa katika hali gani. La tatu halihitaji darubini. Mwanafunzi wa Bujumbura mwenye daftari na subira anaweza kuanza nalo ufukweni.