Swali la Mwalimu kama Uhakiki: Kazi za Nyumbani katika Fasihi ya Kimarekani

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuutafuta uhakiki mahali unapojitangaza: vitabuni, katika majarida na katika mihadhara ya vyuo vikuu. Ni nadra kwao kuutafuta katika karatasi anayokabidhiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ili aende kuijibu nyumbani. Hata hivyo, mtu anayetaka kujua jinsi fasihi ya Kimarekani inavyosomwa katika nchi ilikozaliwa hana budi kuanzia kwenye karatasi hiyo. Yamkini wananchi wengi wa Marekani huisoma riwaya ya Mark Twain au ya F. Scott Fitzgerald mara moja tu, darasani, na swali la mwalimu ndilo uhakiki wa pekee watakaoujua juu yake. Makala haya yanakusudia kuyachunguza maswali ya namna hiyo kwa kuyarudisha kwenye vitabu vyenyewe. Hoja yetu ni kwamba swali si chombo cha kupimia usomaji tu. Swali lenyewe ni usomaji, na likikosewa hukipotosha kitabu kabla mwanafunzi hajakifungua.

Maswali hayo twaweza kuyagawa katika mafungu matatu. La kwanza ni maswali ya ukaguzi: nani alisema nini, wapi, na kwa nani. Haya hayadai zaidi ya kujua kama kitabu kimesomwa, nasi hatutayazungumzia sana. La pili ni maswali ya kusaka ishara: mto huu, taa hii, rangi hii yawakilisha nini? La tatu ni maswali ya hisia: wewe uliona nini, nawe ungefanya nini? Mafungu haya mawili ya mwisho yana nasaba. Mnamo mwaka 1938 Cleanth Brooks na Robert Penn Warren walitoa kitabu chao Understanding Poetry, kilichowafundisha wanafunzi wengi wa vyuo kulisoma shairi kama kitu kizima kinachojitegemea. Mwaka huo huo Louise Rosenblatt alitoa Literature as Exploration, akishikilia kwamba maana huzaliwa pale msomaji na maandishi wanapokutana. Maswali ya ishara ni mjukuu wa mkondo wa kwanza, na maswali ya hisia ni mjukuu wa mkondo wa pili. Kwa bahati mbaya, wajukuu hawa aghalabu wamerithi majina ya babu zao bila kurithi bidii yao.

Malalamiko dhidi ya usakaji wa ishara si mapya. Mwaka 1963 kijana wa miaka 16 wa San Diego, Bruce McAllister, ambaye baadaye alikuwa mwandishi, aliwapelekea waandishi 150 maswali akitaka kujua kama kweli huzipanda ishara katika kazi zao kwa makusudi. Wapatao 75 walimjibu, miongoni mwao Ralph Ellison, Saul Bellow na John Updike. Majibu yalitofautiana sana: wako waliokana, wako waliokiri, na wako waliosema kwamba ishara hujiotea zenyewe. Kisa hiki hupendwa na wale wanaotaka kumcheka mwalimu. Sisi twaona kwamba kijana alikuwa na haki ya kushuku, lakini alilipeleka swali kwa hakimu asiyestahili. Anayeweza kutuamulia kama ishara ipo ni kitabu, wala si nia ya mtunzi.

Basi na tukiulize kitabu. Katika kazi za nyumbani juu ya Adventures of Huckleberry Finn, riwaya iliyotolewa Uingereza na Kanada mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885, hakuna jibu lililozoeleka kuliko hili: mto Mississippi ni ishara ya uhuru. Jibu hili lina ukweli nusu, na nusu hiyo ni ya Huck, kijana mzungu anayemkimbia baba mlevi. Jim ni mtumwa aliyetoroka, na kwake mto huo unatiririka kuelekea kusini, yaani kuelekea kwenye kina cha nchi ya utumwa. Mpango wao ulikuwa kufika Cairo, mahali Ohio inapoingia Mississippi, kisha wapande meli ya moshi kuufuata mto Ohio hadi majimbo yasiyo na watumwa. Ukungu ukawapoteza. Walijuaje kwamba wameipita Cairo? Kulipopambazuka waliona maji safi ya Ohio yakifuata ukingo, na maji ya tope ya Mississippi yakipita nje yake. Hiyo ndiyo ishara ambayo wahusika wenyewe wanaisoma, na maana yake ni msiba. Kuanzia hapo kila maili chelezo kinayosafiri yamwongezea Jim hatari, hata mwishowe anauzwa na laghai kwa dola 40. Mwanafunzi aliyeandika "uhuru" na kupewa alama zote amefundishwa kuitazama safari kwa jicho la Huck peke yake. Laiti swali lingekuwa: mto huu unaelekea wapi, na kwa nani? Hapo ramani ingekuwa uhakiki, na Jim angehesabiwa kuwa msafiri.

Mfano wa pili ni The Great Gatsby ya mwaka 1925. Kila mwanafunzi huulizwa maana ya taa ya kijani iliyo mwisho wa gati la Daisy, naye hujibu kwamba ni ndoto ya Kimarekani. Lakini riwaya yenyewe imekwisha kulishughulikia swali hilo, tena kwa ustadi zaidi. Katika sura ya tano, Daisy akiwa amesimama ubavuni pa Gatsby, msimulizi anawaza kwamba huenda maana kubwa ya taa ile imetoweka. Sasa ni taa tu juu ya gati. Fitzgerald anatuonyesha kwamba maana ya kitu hutegemea umbali: hukua tukikikosa, hufifia tukikikaribia. Swali linalodai neno moja la kuandikwa mbele ya taa hiyo laifuta sura nzima. Linaifanya ishara kuwa kitendawili chenye jibu moja, ilhali kitabu kinasimulia jinsi ishara inavyozaliwa na kufa.

Je, tukimbilie maswali ya hisia? Hapana. Katika sura ya 31 Huck anaandika barua ya kumfichua Jim kwa Bibi Watson, kisha anaichana, akiamini kwamba kwa tendo hilo ataingia jahanamu. Mwanafunzi wa leo akiulizwa angefanya nini, atajibu upesi kwamba angemsaidia Jim. Jibu hilo halimgharimu chochote. Aidha, lampa nafasi ya kujisifu mahali ambapo Twain alikusudia atetemeke. Tena katika darasa lenye mwanafunzi mmoja au wawili weusi, ambamo tusi la ubaguzi lililorudiwa zaidi ya mara 200 katika kitabu hicho limesomwa kwa sauti, kuuliza "mlionaje?" ni kuwatwika wachache mzigo wa kuwafundisha wengi. Swali la haki zaidi lingekuwa: ni nani waliomfundisha Huck kuuita wema wake dhambi, na kwa nini hana jina jingine la kuuita? Swali hilo lamrudisha msomaji kwenye kanisa, shule na sheria za jamii iliyomlea Huck. Na hivyo ndivyo Rosenblatt alivyotaka: hakusema kamwe kwamba kila jibu ni sawa, bali kwamba msomaji ana wajibu wa kujieleza mbele ya maandishi.

Yafaa tumtendee mwalimu haki. Mwenye madarasa kadhaa na rundo la karatasi za kusahihisha huvutwa na swali lenye jibu fupi, kwa sababu lasahihishwa haraka. Lakini swali la namna hiyo lina gharama yake. Mwaka 1958 Clifton Hillegass alianzisha vijitabu vya CliffsNotes huko Nebraska, na tangu mwisho wa mwaka 2022 programu za kompyuta huandika insha nzima kwa dakika chache. Wengi huona kwamba mashine imeiua kazi ya nyumbani. Twadhani swali ambalo jibu lake laweza kununuliwa katika kijitabu lilikuwa limekufa zamani. Mashine imelizika tu. Wala tusiwacheke Wamarekani. Sisi tunaofundisha fasihi ya Kiswahili twaijua miongozo ya vitabu teule, na tumewasikia wanafunzi wakikariri sifa za mhusika ambaye hawajakutana naye.

Tumalizie kwa kitabu kingine kinachosomwa katika madarasa hayo, tawasifu ya Frederick Douglass ya mwaka 1845. Wanafunzi hutakiwa kuorodhesha tamathali zake. Lakini humo mna habari inayoihukumu kazi ya nyumbani yoyote. Douglass alipokuwa mtumwa mdogo mjini Baltimore, mtoto wa bwana wake alikuwa akisoma shuleni, na madaftari yake ya mwandiko yaliletwa nyumbani, yakaonyeshwa majirani, kisha yakawekwa kando. Kila Jumatatu alasiri, bibi wa nyumba alipokwenda kwenye mkutano wa dini, Douglass aliyachukua madaftari hayo akaandika katika nafasi zilizobaki, akiyaiga maneno ya yule mtoto, hata mwandiko wake ukafanana naye. Kwa mtoto huru zoezi hilo lilikuwa limekwisha; kwa mtumwa lilikuwa ndilo mwanzo. Tofauti haikuwa katika karatasi, kwani karatasi ilikuwa moja. Ilikuwa katika haja ya mwandikaji, na katika nafasi iliyoachwa wazi. Haja hiyo mwalimu hawezi kumpa mwanafunzi wake. Nafasi anaweza kumwachia, na kipimo cha swali lake ni kama ameiacha.