Kongole kwa Mafundi wa Breki Kisiwani

Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Lakini zile chache zinazotembea Mombasa hadi leo zinadumu kwa sababu ya mafundi wa kisiwani, na kongole ni zao.

Mpelekee fundi gari kuukuu ambalo pedali ya breki inazama. Hakimbilii kuuza spea. Kwanza anakanyaga. Ikipanda baada ya kupampu, anashuku hewa kwenye paipu au breki za nyuma zilizolegea. Ikishuka polepole mguu ukiwa umetulia, na hakuna panapovuja, raba za master silinda zimechoka.

Kisha anaingia uvunguni na chupa yenye mpira, akianzia gurudumu la mbali zaidi na master silinda. “Pampu, mwanangu. Shika hapo hapo!” Nati inalegezwa, oili nyeusi inatoka na mapovu, nati inakazwa kabla mguu haujaachia.

Anajua pia hali ya hewa yetu. Oili ya breki hunyonya unyevu, na oili ya DOT 3 inayotakiwa kustahimili nyuzi 205 ikiwa mpya yaweza kuchemka kwenye 140 ikishalowa. Chumvi ya bahari nayo hula paipu za chuma.

Anayeteremka kwenye feri ya Likoni au kupenya Ndia Kuu kati ya watoto ana deni kwa mafundi hawa. Tuwalipe haki yao, na tuwapelekee vijana wajifunze.