Insha ya Mlalo, Rasimu ya Kwanza na ya Pili

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akipewa insha ya hoja yenye utafiti, swali lake la kwanza huwa moja: marejeo mangapi? Simlaumu. Marejeo yanahesabika, ushawishi hauhesabiki. Lakini kwa anayesoma Lushoto, kwenye milima ya Usambara, tuseme Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kuna insha kubwa iliyo mlangoni pake. Waliotunga hoja yake walikuwa na ushahidi tele, wakaiandika juu ya miteremko ya Mlalo kwa majembe ya watu wengine, na ikafeli vibaya. Inafaa kupasuliwa kipande kwa kipande.

Insha hiyo ni mradi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha mradi wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, na baadaye ikaupanua kuwa mpango wa Usambara. Mkulima alitakiwa achimbe matuta ya kukinga maji shambani mwake, na miteremko mikali isilimwe mazao ya msimu. Amri zilipitia kwa machifu, na aliyekaidi alitozwa faini. Kufikia 1957 mpango uliachwa. Watu walikuwa wameukataa kwa vikao, kwa ukimya na kwa majembe yaliyobaki yameegemezwa ukutani.

Ukitaka kuona ufa ulipoanzia, chukua chombo cha Stephen Toulmin, mwanafalsafa Mwingereza ambaye kitabu chake juu ya matumizi ya hoja kilitoka 1958, mwaka mmoja tu baada ya matuta kuachwa. Toulmin aliigawa hoja katika viungo kadhaa, na vitatu vya kwanza vinatosha hapa. Kuna dai, kuna ushahidi, na kuna daraja linalokuvusha kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye dai. Daraja hilo ndilo gumu, kwa sababu mara nyingi haliandikwi. Mwandishi analiona la wazi mno hata halitaji.

Dai la mabwana shamba wa Mlalo: chimbeni matuta. Ushahidi: mvua za milimani zinashusha udongo bondeni kila mwaka, na mashamba yanachoka. Ushahidi huo ulikuwa wa kweli, na mtu yeyote aliyewahi kuona mto uliogeuka rangi ya chai baada ya mvua za masika hahitaji kuambiwa. Daraja lilikuwa hili: kinachoponya udongo kinamfaa anayeulima. Nani angebisha?

Wangebisha wengi, kwa sababu Usambara anayelima si lazima awe mwenye shamba. Watu waliazimana mashamba. Mwanamke asiye na ardhi ya kutosha alipata kipande kwa jamaa au kwa jirani, akalima msimu huu na pengine mwingine, kisha akakirudisha. Sasa weka matuta juu ya utaratibu huo. Aliyeazima atavuja jasho kwenye udongo ambao kesho si wake. Mwenye shamba naye anaogopa kwamba aliyechimba matuta atapata sauti juu ya ardhi, kwa hiyo ni heri asimwazime kabisa. Amri iliyokusudia kulinda udongo ikawa inamfungia mlango maskini. Ongeza hapo kwamba kazi ya jembe kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake, na kwamba walowezi walikuwa tayari wamejitwalia mashamba milimani na ya mkonge kule chini tambarare. Hofu ya kutengeneza ardhi halafu mzungu aje kuichukua haikuwa ndoto ya mchana.

Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalokanusha mmomonyoko. Hapo ndipo mwanafunzi akae na kutafakari. Upinzani ulilipiga daraja na kuuacha ushahidi umesimama palepale, ndiyo maana kuongeza takwimu za udongo kusingesaidia kitu. Ningekuwa nasahihisha insha ile, ningeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: mpinzani wako yuko wapi? Kila insha ya hoja hutakiwa kuwa na aya ya kumsikiliza anayepinga kisha kumjibu. Aya hiyo Mlalo haikuandikwa. Wapingaji waliitwa wakaidi, wakajibiwa kwa faini. Haukuwa ugonjwa wa Usambara peke yake: Uluguru mpango wa namna hiyohiyo ulizaa ghasia mwaka 1955.

Aya iliyokosekana iliandikwa baadaye sana, na mtu mwingine. Steven Feierman, Mmarekani msomi wa historia na wa anthropolojia, alifika Usambara katikati ya miaka ya 1960, akaandika kwanza historia ya ufalme wa Washambaa iliyotoka 1974, kisha mwaka 1990 akachapisha *Peasant Intellectuals*. Dai lake katika kitabu hicho cha pili lilikuwa la ugomvi: mkulima hana haja ya msomi wa kutoka nje ili apate fikra za kisiasa, anazo zake na ana lugha ya kuzisemea. Upande wa pili aliwaweka wanazuoni wenzake, na akapambana nao kwa kutumia dhana za Antonio Gramsci, Mwitaliano aliyeandika gerezani juu ya wasomi na tabaka wanalotoka.

Ninachokipenda katika kazi ile ni ufundi wa ushahidi. Feierman alishika maneno mawili ya Kishambaa na kuyafuata kutoka zama hadi zama: *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na *kubana shi*, kuiharibu. Katika fikra za zamani mfalme mmoja mwenye nguvu pale Vuga, mji mkuu wa ufalme, huleta mvua na shibe, na watawala wanaposhindana, nguvu kwa nguvu, nchi hubanwa na njaa huingia. Sasa sikiliza mabishano ya miaka ya 1950 ukiwa na maneno hayo masikioni. Chifu anayelazimisha matuta kwa niaba ya serikali anaiponya nchi au anaibana? Wakulima walikuwa wakijadili uhalali wa utawala, huku bwana shamba akidhani wanajadili majembe. Feierman aliyapata hayo kwa kukaa na wazee na kuwasikiliza, kisha akayapambanisha na majalada ya serikali. Chanzo kimoja kinakikosoa kingine. Nina shaka moja ndogo: wazee walioulizwa miaka kumi baada ya ushindi huwa wameshaunyoosha ushindi wao, na jalada la ofisa aliyeshindwa nalo limenyooshwa upande wa pili. Kinachomwokoa mwandishi ni kuonyesha wazi kila sauti inatoka wapi.

Hilo la sauti kutoka wapi wanafunzi hulipita mbio. Tuseme unaandika juu ya enzi ya mfalme Kimweri ye Nyumbai. Utamkuta mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika kwake 1848 na tena 1852, na utakuta *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kuanza kuchapishwa katika misheni ya Magila mwishoni mwa karne ya 19. Krapf alikuwa mgeni anayemwomba mfalme nafasi ya misheni. Abdallah alikuwa karibu na Semboja wa Mazinde, mtoto wa Kimweri aliyekuwa na vita vyake vya urithi. Wote wawili wanafaa kutumiwa, ila sentensi inayomtaja kila mmoja ibebe kazi aliyokuwa nayo siku ile. “Krapf anasema” haitoshi. “Krapf, aliyekuwa akiomba ruhusa, anasema” inaanza kuwa utafiti.

Na kuna lugha. Mwanafunzi wa Lushoto anamhoji bibi yake kwa Kishambaa, anaandika daftari lake kwa Kiswahili, kisha anakabidhi insha kwa Kiingereza. Njiani *shi* inageuka nchi, nchi inageuka ardhi, na ardhi ikifika kwenye Kiingereza imebaki udongo mtupu wa kupimwa kwa ekari. Hoja nzima imekufia mikononi. Neno kama hilo liachwe jinsi lilivyosemwa, lielezwe mara moja, na liendelee kutumika hivyohivyo hadi ukurasa wa mwisho.

Rasimu ya pili ya insha ya Mlalo ilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi wa SECAP, wa kuzuia mmomonyoko na kuchanganya miti na mazao, kwa msaada wa Ujerumani, ukaendelea hadi karibu na mwaka 2000. Dai lilikuwa karibu lilelile, kinga maji kwa mistari inayofuata usawa wa mlima. Ushahidi ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni daraja. Kwenye mistari ile zilipandwa nyasi za malisho, guatemala na nyinginezo, na ng'ombe wa maziwa akafungwa bandani akiletewa majani. Mkulima hakuambiwa tena kwamba udongo utamshukuru baada ya miaka 20. Aliambiwa majani haya ni maziwa, na samadi inarudi kwenye kabichi zitakazoshuka Mombo kwa lori.

Rasimu hiyo ilisomeka vizuri zaidi, na bado ina pengo mahali palepale pa kwanza. Mistari ya miti na majani ya kudumu ni alama ya mwenye ardhi. Yule mwanamke wa shamba la kuazima, asiye na ng'ombe, akipanda mti mmoja tu tayari ameanzisha maneno na aliyemwazima, naye anajua hilo kuliko mtaalamu yeyote. Mwanafunzi anayetafuta mada ya muhula huu angeanza kwa kumtafuta huyo, na daftari lake aliandike kwa Kishambaa.