Kibuyu na Jina la Fundi Wake

Kwa desturi ya makumbusho ya mila za watu, kibuyu cha maziwa kilichopambwa na mwanamke wa Bonde la Ufa huandikiwa maneno machache tu, kwa mfano "Kibuyu cha Wakalenjin". Mwanasarufi atatambua kazi inayofanywa hapo na a-unganifu. Kiungo hicho kidogo huikabidhi jamii nzima milki ya kazi, na mwanamke aliyekichuma kibuyu, akakikausha, akakisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, akakivika ngozi na simbi, hutoweka katika sentensi.

Husemwa kwamba sanaa ya jadi haina mtunzi, kwa kuwa ruwaza zake ni za wote. Hoja hii ni dhaifu, na ajabu ni kwamba hurudiwa hata na watu wa fasihi. Bahari ya utenzi nayo ni ya wote, pamoja na mizani yake minane na vina vyake. Hata hivyo hakuna mhakiki anayesema utenzi wa Mwana Kupona wa 1858 ni wa Waswahili, akaishia hapo. Kibuyu kikipasuka hushonwa, na fundi hodari huugeuza mshono kuwa pambo. Uamuzi huo wa mahali pa kupitisha uzi haufanywi na kabila.

Faida ya ukumbi wa maonyesho ulio karibu na wasanii yaonekana katika maisha ya Rosemary Karuga. Alihitimu Makerere mwaka 1952, kisha akafundisha shule miaka mingi bila kujulikana kwa sanaa yake. Mwaka 1987 alipokewa Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1965 na Elimo Njau, Rebeka Njau na wenzao. Picha zake za vipande vya karatasi za kufungia bidhaa zilifika New York mwaka 1990, katika maonyesho ya Studio Museum in Harlem, zikiwa na jina lake.

Mwaka huohuo wa 1965 Nakuru nayo ilipata makumbusho yake, Hyrax Hill, mahali alipochimbua Mary Leakey kuanzia 1937. Mji ukapata nyumba ya vitu vya waliokufa. Mafundi walio hai wa Kericho na Baringo wakabakia na wachuuzi wa kando ya barabara. Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi huiweka jamii mbele kuwa mwenye haki. Ulinzi huo ni wa lazima dhidi ya wanaonakili, ila haumwambii mnunuzi wa kibuyu kimoja amlipe nani.

Maonyesho ya Nakuru yangehitaji basi kibandiko chenye jina la fundi, kijiji chake, mwaka, na majina ya mapambo kwa Kitugen au Kikipsigis, si kwa Kiswahili peke yake. Kuyakusanya majina hayo ni kazi ya idara za lugha, na Chuo Kikuu cha Egerton kiko karibu, pale Njoro. Kazi hiyo yafaa ifanywe kabla bei haijatajwa, mafundi wenyewe wakiwapo wa kuwasahihisha wasomi.