Chui wa Unguja na Ulimi wa Msimulizi

Ngano za Sungura na Fisi huanza kwa "Paukwa!" nasi hujibu "Pakawa!" Kwa maneno hayo mawili msimulizi na wasikilizaji hupatana kwamba yatakayofuata ni ya kubuni, na kinachotakiwa ni mafunzo yake. Hadithi ya chui wa Unguja haina mlango huo. Husimuliwa kama habari, na hapo ndipo ilipo ila yake.

Yasemwa kwamba wachawi wa shamba hufuga chui, huwalisha kwa siri na huwatuma wadhuru watu na mifugo. Kwa upande wa usimulizi, hadithi imefumwa vizuri: usiku, msitu, mnyama asiyeonekana na bwana wake aliyejificha. Lakini tuitazame kazi yake. Mbuzi akipotea, nyayo hazitafutwi, hutafutwa jirani. Hadithi haikamiliki mpaka apatikane mtu wa kutuhumiwa.

Ama chui mwenyewe alikuwa kiumbe wa kweli. Bahari ilipopanda, maelfu ya miaka iliyopita, ikakitenga kisiwa na bara, naye akabaki humo. Mwaka 1932 Pocock, mtaalamu wa Uingereza, alimweleza kuwa ni namna ya peke yake, na mmoja aliyekaushwa aliwekwa katika makumbusho ya Zanzibar. Alikamata paa na mbuzi kwa sababu ya njaa, si kwa amri ya mtu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanywa kampeni ya kuwaua chui na kuwakomesha waliodaiwa kuwafuga. Hadithi ikageuka hukumu. Chui wakapungua hata wataalamu wakadhani wametoweka. Mwaka 2018 yalitokea madai ya picha ya mmoja aliyesalia, wala hayakumaliza ubishi.

Hatusemi hadithi hii izikwe. Isimuliwe, lakini ipewe "Paukwa" yake, watoto wajue kuwa ni ngano. Dini yetu imetukataza kumdhania mwenzetu ubaya pasipo dalili, na ngano nzuri haihitaji jina la jirani ili ipate utamu. Msimulizi na aupime ulimi wake kabla ya kuuachia. Mnyama wa kuogopwa zaidi ni huo, na kila mmoja wetu amemfuga kinywani mwake.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.